Gervasi Anamvusha Calixte

Enzi zile za makambi ya wakimbizi, Mrundi akifariki Kigoma na ndugu zake wakataka azikwe kwao, watu walikuwa na jibu moja tu: nendeni Ujiji kwa Mzee Gervasi, seremala. Makaratasi yote aliyajua yeye: cheti cha kifo, barua ya bwana afya, muhuri wa ubalozi mdogo, kibali cha uhamiaji. Alijua pia kwamba jeneza la kuvuka ziwa huvishwa bati kwa ndani na kulehemiwa vizuri, la sivyo nahodha halipakii, hata umlilie machozi ya damu.

Na alikuwa amechoka, jamani. Magoti yalichoka, macho yalichoka, hata salamu za rambirambi zilimchosha. Kila jeneza alisema hili ndilo la mwisho. Mkewe Melania, Muha wa Kalinzi asiyemung'unya maneno, alimcheka: "La mwisho utalala humo mwenyewe, mume wangu."

Jumanne moja zikaja habari kwamba mkimbizi mmoja, Calixte, aliyeletwa kutoka kambini akiwa na kifua, amefia hospitali mjini. Gervasi aliweka randa chini, akakaa juu ya mbao. Hakuuliza amefariki saa ngapi wala nani amekuja kumchukua. Alijua hakuna wa kuja. Mke na watoto wa Calixte vita iliwamaliza.

Sasa sikiliza. Gervasi huyu, aliyejulikana mji mzima kama Muha wa Kalinzi, hakuwa wa Kalinzi hata kidogo. Alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, kijana wa miaka kumi na saba, akikimbia kuuawa. Mzee Bonaventura, ambaye baadaye alikuja kuwa mkwewe, alimwonea huruma akamwandikisha kama kijana wa pale kijijini Kalinzi. Kiha na Kirundi ni mtu na binamu yake, nani angemshtukia? Calixte alikuwa kaka yake, tumbo moja. Na miaka yote kumi ya Calixte kambini, kila alipopata ruhusa ya kuja mjini akapita Ujiji, Gervasi aliwaambia majirani: "Huyu rafiki yangu." Calixte alikuwa akitabasamu tu, anakunywa chai yake.

"Kwenye kibali andika jirani," Melania alimwambia jioni ile. "Au andika rafiki, si ndivyo ulivyozoea?"

"Rafiki hapewi kibali. Wanataka ndugu wa damu, amsindikize hadi kaburini. Asipopatikana, wanamzika huku."

"Basi azikwe huku! Ardhi ni ardhi."

"Aliniomba, Melania. Alisema, nilaze karibu na mama."

Mwaka ule msako ulikuwa mkali. Mrundi akionekana nje ya kambi, anapakiwa kwenye lori kupelekwa kambini mchana kweupe, awe na mke Mtanzania, awe na nyumba, shauri yake. Melania na watoto wasingeguswa. Wa kuondoka alikuwa mumewe peke yake, na wote wawili walilijua hilo bila kuambizana.

Kesho yake Gervasi aliingia ofisini kwa Meshack, karani wa vibali, kijana waliyezoeana miaka mingi.

"Shikamoo, Mzee. Leo umetuletea nani tena?"

"Marahaba. Calixte, wa kambini."

Meshack akaandika haraka, kazi ya mazoea. Jina. Umri. Mahali pa kuzikwa. "Msindikizaji?"

"Mimi."

"Ah, Mzee, wewe unajua utaratibu. Nataka ndugu."

"Ndiyo nakwambia. Mimi. Ni kaka yangu, mama mmoja, baba mmoja."

Kalamu ikasimama. Meshack alikwenda kufunga mlango, akarudi akainama mezani, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, sijasikia. Nenda nyumbani ukapumzike. Nikishaandika, kinachofuata sina uwezo nacho. Utavuka kama Mrundi, na kurudi kwako itakuwa kambini, kama utarudi."

Gervasi alimtazama yule kijana, akamhurumia. Halafu akajihurumia mwenyewe, maana alitamani sana kuinuka atoke. "Nimemkana miaka kumi akiwa hai," alisema. "Nimechoka, mwanangu. Andika."

Jeneza alilitengeneza kwa mbao za mninga alizokuwa amewawekea watu kwa kitanda cha harusi. Bati alililehemu mwenyewe, mshono kwa mshono, hakutaka mtu amsaidie. Ijumaa asubuhi walilishusha ufukweni Katonga, katikati ya wanawake wanaoanika dagaa, boti ikiwa imeshawashwa mashine. Watu wa Ujiji walikuja wengi, wakamwambia pole kwa kazi, Mzee, wakidhani ni kazi kama zile nyingine. Naye akawajibu mmoja mmoja: "Si kazi. Ni kaka yangu."

Alipanda akakaa kichwani pa jeneza. Melania alikuwa amesimama majini, kanga imelowa hadi magotini. Hakumlilia Calixte. Boti ilipoanza kurudi nyuma, alijishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kumlilia Gervasi kwa jina lake, mbele ya watu wote, akimtaja ukoo na wema wake, kama anavyoliliwa mtu aliyekwisha kufa.