Siku Niliyotafsiri Ungamo la Bibi

Nimewahi kuwa mkalimani wa dhambi.

Kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili.

Najua inavyosikika. Nipeni nafasi nieleze taratibu, maana mimi kuongea mbele za watu hunipa homa. Kuandika, afadhali.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Nimeisomea chuoni kabisa. Nakaa chumba cha nyuma na nta, plasta na taya za watu nisiowajua. Naipenda kwa sababu taya haikuulizi utaolewa lini.

Ila wazee huletwa kwangu kujaribu meno, na wakati huo mdomoni hawana kitu. Wanaongea, mimi nasikiliza. Sikio limezoea. Mtu asiye na jino hata moja namwelewa kama mtangazaji wa redio.

Hilo likumbukeni.

Bibi yangu, mama mzazi wa baba, alilazwa. Tumbo. Daktari akasema apasuliwe mchana ule ule, ila moyo wake umechoka, familia ijiandae kwa lolote.

Bibi akajiandaa kwa njia yake.

"Siingii huko bila kuungama. Niitieni padre."

Basi zogo likazuka.

Baba yangu ni katekista. Mdogo wake, yaani baba mdogo, ni mchungaji. Alihama kanisa letu zamani, akaanzisha la kwake. Wote walikuwa wodini, mmoja upande huu wa kitanda, mwingine upande ule.

Na walikuwa hawasemeshani.

Ilianza babu alipofariki. Baba mdogo alifika kaburi limeshafukiwa na viti vimesharudishwa kwa wenyewe. Baba hakulimeza hilo. Tangu hapo, kila mmoja akiwa na neno kwa mwenzake, hulipitisha kwangu. Nikawa posta ya ukoo.

"Mwambie baba yako mdogo apishe mlangoni. Padre yuko njiani."

Nikageuka. "Baba mdogo, baba anasema..."

"Nimesikia. Mwambie baba yako, padre wa nini? Mama atubu hapa hapa, Yesu anamsikia. Kati ya mtu na Mungu wake hahitajiki mtu wa kati."

Nikageukia upande wa pili. "Baba, baba mdogo anasema hahitajiki mtu wa kati."

Nilisema bila kucheka. Aliyecheka ni mgonjwa wa kitanda cha jirani.

"Mwambie ni huyo huyo Yesu aliyewaachia mitume kazi ya kuondolea watu dhambi. Au kwake hawasomi mpaka mwisho?"

Kimeza cha pale kitandani kilikuwa kidogo. Baba akaweka msalaba. Baba mdogo akaweka Biblia, ile kubwa ya mimbarini. Msalaba ukasogea. Baba akausogeza tena. Biblia ikasogea. Hakuna aliyetazama kikombe.

Kikombe kilikuwa na meno ya Bibi. Nesi alikuwa ameshamwambia ayavue, maana hayaingii chumba cha upasuaji.

Kikaanguka. Meno ya juu yakapasuka katikati, pwaa!

Wote wawili wakarudisha mikono nyuma.

Bibi akasema neno. Wote wakanitazama mimi.

"Amesemaje?"

"Amesema hongereni."

Nikaokota vipande, nikatoka mbio. Karakana yetu iko nyuma ya hospitali ile ile. Nikaviunganisha kwa nta, nikamwaga plasta, nikajaza plastiki ya rangi ya fizi, nikaweka kwenye sufuria yake ya moto ikomae. Hiyo kazi haina haraka. Ukiitoa mapema, itavunjikia mdomoni.

Simu ikaita. Baba.

"Njoo. Padre amefika. Haambulii hata neno."

Padre alikuwa kijana, mgeni parokiani. Nilimkuta ameinama mpaka sikio linakaribia kugusa pua ya Bibi, jasho linamtoka.

"Mama, inatosha," alikuwa anasema. "Ukionyesha kwa ishara kwamba unajuta, Kanisa linaruhusu. Nitakuondolea."

Bibi akatikisa kichwa. Hapana.

Baba mdogo akadakia kutoka mlangoni. "Si nilisema? Mungu anamwelewa hata bila meno!"

Bibi akajibu. Wakanitazama tena.

"Anasema Mungu anaelewa, hajakataa. Yeye anataka kujisikia akisema, na mtu akimsikia. Anasema, mambo ambayo mtu humwambia Mungu peke yake, wakati mwingine huwa kama hajamwambia mtu yeyote."

Padre akaninong'oneza. "Dada, unamwelewa?"

"Ndiyo, padre."

"Mkalimani anaruhusiwa. Lakini utakachosikia ni siri. Inakufunga kama inavyonifunga mimi. Unaweza kutunza siri?"

"Padre, mimi hata salamu huwa natunza."

Wakatolewa wote. Pazia likavutwa.

Sasa, alichosema Bibi sitakiandika. Sitasema kama kilikuwa kirefu au kifupi. Nitasema la kwangu tu: kuna mahali nilinyamaza. Bibi alishamaliza sentensi, padre anangoja, na mimi natazama pazia.

"Endelea, dada," padre akasema, kwa upole.

Nikaendelea.

Padre akamwondolea dhambi, akaaga. Nilidhani Bibi atalala. Wapi! Akanishika mkono. Haya ninaweza kuyasema, kitubio kilikuwa kimeshafungwa.

"Mke mwenzangu." Huniita hivyo tangu nikiwa mdogo. "Meno yangu yako wapi?"

"Yako jikoni, Bibi."

"Kayapakue."

Nikakimbia. Nikayatoa, nikayasugua, nikayang'arisha, vumbi la plastiki limenijaa nyusi. Niliporudi, machela ilikuwa imeshafika mlango wa chumba cha upasuaji, baba upande huu, baba mdogo upande ule.

"Bibi, meno hayaingii humu," nesi akasema.

"Nayatumia hapa hapa mlangoni, mwanangu. Nikimaliza nayavua."

Akayavaa. Akagonga mara moja kuyajaribu. Akanipa jicho la kunisifu, kisha akamtazama baba mdogo.

"Baba yenu alipokufa, kaka yako aliniuliza kama umepata habari. Nikamwambia nimetuma mtu kwako. Sikutuma mtu. Nilikuwa na hasira umeliacha kanisa. Nikasema, mbona ana familia yake mpya kanisani kwake, atazika na hao. Ukafika umechelewa, ukatukanwa, na mimi nikakaa kimya. Nimekaa kimya miaka yote hii."

Kama hayo ndiyo aliyomwambia padre, mimi sijui. Sina la kusema.

Baba akatafuta pa kukaa. Kulikuwa na kiti cha magurudumu kitupu. Akakaa humo.

"Mungu ameshanisamehe," Bibi akaendelea, "padre kaniambia, na mimi naamini. Limebaki lako. Wewe husema hahitajiki mtu wa kati. Haya, mwanangu. Mimi na wewe. Hakuna mtu katikati."

Baba mdogo, mtu anayehubiri msamaha kwa vipaza sauti, akarekebisha tai. Macho yakamjaa machozi. Akageuka kunitazama, mazoea tu.

"Mwambie mama..."

Sijui ujasiri nilitoa wapi. Mimi, ambaye kondakta akinipitisha kituo huwa nashuka cha mbele na kurudi kwa miguu.

"Mwambie mwenyewe, baba mdogo."

Hakusema. Alishindwa. Bibi akamngoja, akamngoja, kisha akayavua meno, akamwekea kiganjani, akayafunika kwa vidole vya mwanawe. Akasema kitu. Machela ikaingia, mlango ukafungwa.

Mara hii hakuna aliyeniuliza amesemaje.

Tukabaki koridoni. Baba mdogo kasimama na suti yake na meno ya mama yake mkononi. Baba yuko kwenye kiti cha magurudumu.

"Shikamoo, kaka."

Baba akageuza magurudumu, akamtazama. "Marahaba," akasema. Halafu, "Mimi niliamini ulipata habari, mdogo wangu. Nisamehe."

Nikaenda dirishani kulia. Sipendi kulia mbele za watu.

Bibi alitoka salama. Alipozinduka, baba mdogo alikuwa ameketi hapo hapo, meno kayafunga kwenye leso. Bibi akanung'unika neno mdomo mtupu. Nikasogea nitafsiri.

"Kaa tu, mwanangu," baba mdogo akanizuia. Akainama kwenye sikio lake. "Nimekusamehe, mama. Nilikusamehe pale pale mlangoni, ulimi tu ulikataa."

Baba na baba mdogo bado wanabishana kama Mkristo anahitaji padre ili asamehewe. Ila sasa wanabishana ana kwa ana, na kelele zimeongezeka.

Mkiniuliza mimi, mimi ni fundi wa meno. Nilichokiona ni hiki: Bibi alimhitaji padre ili apate nguvu ya kufika kwa mwanawe, na alipofika kwa mwanawe, padre hakuweza kuingia naye. Kama kuna mtu unamwombea msamaha kwa Mungu kila siku na nyumba yake unaijua, nenda.

Na meno ya bandia yawekwe kwenye kikombe chenye mfuniko. Tafadhali.