Mwalimu Miwani na Shahada ya Mdogo Wake

Saa moja na dakika kumi asubuhi, kabla mtoto hata mmoja hajafika, mwanamke wa miaka arobaini na sita anapanda juu ya kiti cha mtoto na kufuta vumbi kwenye fremu ambayo si yake.

Ndani ya fremu kuna shahada ya mdogo wake. Anafuta kioo, anafuta pembe zote nne, anateremka na kurudi nyuma hatua moja kutazama kama imekaa sawa. Haijakaa sawa. Anapanda tena.

"Nikiiacha na vumbi watasema nina wivu," anasema, kitambaa mkononi. "Nikiifuta sana, watasema nina wivu. Basi naifuta kiasi."

Je, ana wivu?

"Ninao. Tena mwingi. Wanasema wivu unakondesha, mbona mimi nimeongezeka kilo nne?"

Watoto wa shule hii ndogo ya Kiingereza, iliyo ghorofa ya pili juu ya duka la dobi, humwita kwa lugha yao jina ambalo maana yake ni Mwalimu Miwani. Serikali ya nchi hii ya ugenini haijawahi kumwita mwalimu. Kibali chake cha kazi kiliandikwa msaidizi wa darasa, na kwa kibali hicho amefundisha miaka kumi na mmoja.

Kiingereza chake hakikutoka chuoni. Aliishia kidato cha nne, kisha akakaa miaka tisa mapokezi katika nyumba ya wageni mjini kwao, akigawa funguo na kusikiliza. Wageni walilalamikia maji ya moto, naye akajifunza maneno ya kulalamika. Walipatana bei, akajifunza ya kupatana. Usiku hakukuwa na wa kuzungumza naye, kwa hiyo alijibu redio.

Familia moja iliyolala pale wiki mbili ilimpenda, ikamchukua huku ugenini kulea watoto wake wawili. Baada ya miezi kadhaa watoto wale wakawa wanabishana kwa Kiingereza jikoni. Jirani akasikia kupitia dirishani, akaleta wa kwake, akaleta na wa dada yake. Jirani huyo, mama mnyamavu anayetembea na funguo shingoni, ndiye leo mwenye shule.

Ukimuuliza Mwalimu Miwani anafundishaje, hakupi nadharia. Anakuonyesha miwani yake.

"Kila darasa lina watoto watatu wanaojibu kabla hujamaliza swali," anasema. "Hao wanawamaliza wenzao. Mwenye ulimi mzito anaona heri anyamaze mwaka mzima."

Dawa aliyoipata ni hii. Akiuliza swali, miwani inabaki puani, na miwani ikiwa puani hakuna anayejibu, hata kama jibu linamwasha ulimi. Watoto wote wanafikiri. Yeye anawapitia kwa macho mmoja mmoja mpaka amfikie wa mwisho. Akiona hata yule mzito amepata la kusema, anaipandisha miwani kwenye paji la uso, na hapo ndipo mikono inapoinuka. Hakuwahi kuwaeleza utaratibu huo kwa maneno. Wa kwanza waliushika wenyewe, wakawarithisha wadogo zao.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwaka jana, ilipotoka sheria kwamba kila anayesimama mbele ya darasa awe na shahada, na nakala yake itundikwe ukutani. Mwenye shule aliisoma sheria hiyo mara mbili akitafuta mwanya. Akakuta mmoja tu: haikusema shahada ya nini.

"Nitafutie mtu mwenye shahada," akamwambia Mwalimu Miwani. "Yoyote. Yeye asimame mbele, wewe ukae nyuma kama msaidizi, kazi iendelee."

Mwalimu Miwani akampigia simu mtoto wa mama yake mdogo, binti wa miaka ishirini na saba aliyekuwa amekaa nyumbani miaka miwili bila kazi. Shahada yake ni ya sayansi ya udongo.

"Mimi mwenyewe nilimpigia. Hakuna aliyenishika mkono," anasema, kisha anacheka kicheko kisichofika machoni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwenyeji huyu alimpa mgeni kitanda cha dirishani, akamnunulia koti, akamwonyesha duka la mkate na njia ya shule. Jumatatu iliyofuata mgeni akasimama mbele ya watoto kumi na sita wa miaka saba na minane, na mwenyeji akaenda kukaa kwenye kiti cha nyuma, karibu na ndoo ya vitambaa.

Mshahara wa mdogo ulikuwa mara tatu ya ule wa dada. Mdogo alitaka wagawane nusu kwa nusu. Dada akakataa.

"Ningekubali, ingebidi nishukuru kila mwisho wa mwezi," anasema. "Laiti angekuwa na roho mbaya. Ningemchukia nikapumzika. Lakini mtoto ana adabu, ana mwandiko mzuri, anaimba. Watoto wakampenda kwa wiki moja. Mimi walinipenda kwa mwaka."

Mwandishi wa makala haya, ambaye naye ana mdogo wake mwenye shahada mbili, aliandika maneno hayo bila kuinua kichwa.

Kisha ikaja siku ya wazazi. Wazazi wangekaa ukutani kutazama somo, na mkaguzi angekuwapo. Mwenye shule hakuficha kitu. Alimwita Mwalimu Miwani ofisini siku mbili kabla na kumwambia: "Somo likiharibika, mkaguzi atalifunga darasa. Likienda vizuri, nitajua mdogo wako anaweza peke yake, na sitalipa watu wawili kwenye chumba kimoja. Nimeona nikwambie mapema."

Siku yenyewe, Alhamisi saa nne asubuhi, wazazi kumi na tisa walikuwa ukutani. Mdogo mtu alisalimia, akaimbisha wimbo, akachora nyumba ubaoni. Kisha akauliza kwa Kiingereza: nyumbani kwenu kuna mnyama gani?

Hakuna aliyejibu.

Siku za kawaida dada alikuwa akiipandisha miwani kule nyuma bila hata kujijua, watoto wakimtupia jicho la wizi, na mdogo alidhani watoto wanamjibu yeye. Siku hiyo miwani ilikaa puani. Watoto kumi na sita wakageuka kwenye viti vyao kumtazama. Wazazi nao wakageuka kuona kinachotazamwa, wakamkuta mwanamke ameketi karibu na ndoo.

Mdogo akarudia swali. Mkaguzi akaandika kitu.

"Wengine huniambia labda nilisahau," anasema Mwalimu Miwani. "Andika kwamba sikusahau. Nilikataa. Niliikalia mikono yangu yote miwili ili isiende usoni. Nikajisemea, haya, msomi, tuone. Na nilifurahi. Kwa muda kama wa kuhesabu hadi thelathini, nilifurahi kweli."

Kilichomtoa kwenye furaha hiyo ni mtoto mmoja wa mstari wa pili. Wenzake humwita Kobe kwa kuwa hujibu taratibu, na yeye mwenyewe hulicheka jina hilo. Baba yake ni dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa amekuja shuleni kwa mara ya kwanza, kofia mkononi. Kobe alikuwa na sentensi yake. Alikuwa ameifanyia mazoezi wiki tatu, mapumzikoni, kando ya kiti cha nyuma. Sasa mkono wake ulikuwa nusu hewani, macho yake kwenye miwani, na kidevu kimeanza kutetemeka.

"Nikaona nitamuua huyu kwa ajili ya yule," anasema. Akatoa mkono, akaipandisha miwani.

Mikono kumi na sita ikaruka juu. Kobe akachaguliwa wa kwanza. Alisimama, akasema kwa Kiingereza safi, neno moja baada ya jingine, kwamba nyumbani kwao kuna paka, lakini paka huyo si wao. Baba mtu hakuelewa hata neno moja, akapiga makofi mpaka kofia ikaanguka. Ukuta mzima ukamfuata, na makofi yote yakaelekezwa mbele, kwa mwalimu mwenye shahada.

Jioni hiyo wakiwa wanakatakata vitunguu, mdogo aliuliza.

"Dada, kwa nini walikuwa wanakuangalia wewe?"

"Sijui. Labda nilikuwa na kitu usoni."

Ndiyo, alimdanganya. Anasema aliwaza kwamba amewagawia watu kitanda, koti na darasa, kwa hiyo hicho kimoja, siri ya miwani, atabaki nacho.

Hakubaki nacho. Mzazi mmoja alikuwa amerekodi somo kwa simu, na video ikamfikia mdogo mtu Jumamosi. Aliitazama mara nyingi kuliko alivyokiri. Jumatatu alifika darasani na miwani ya kioo cha kawaida, ya bei rahisi, ambayo macho yake hayaihitaji. Akauliza swali huku miwani iko puani, akangoja, akawapitia watoto kwa macho mpaka wa mwisho, akaipandisha.

Wakamjibu. Wote, hata Kobe.

"Hata miwani," anasema Mwalimu Miwani. "Mtu ana shahada, ana sauti, ana miaka ishirini na saba. Akaona achukue na miwani. Nilitoka nikaenda kuosha vikombe vya ofisi vyote. Vilikuwa visafi."

Kilichomuuma zaidi ni watoto kuitika upesi vile. Alikuwa ameamini kwamba wanamngoja yeye, na miwani ni alama tu. Siku hiyo alitamani wakosee, walau mmoja, walau kwa heshima.

Muhula ulipokwisha, mwenye shule alitimiza alichosema. Kiti cha nyuma kiliondolewa, na Mwalimu Miwani akahamishiwa mapokezi, kupokea simu na kuandika majina ya wanaochelewa. Baada ya miaka kumi na mmoja na safari yote ile, amerudi kwenye meza ya kugawa funguo. Vumbi la fremu hakuna aliyemtuma kulifuta.

Meza yake imepakana na ukuta wa darasa. Anasikia swali likiulizwa, kisha anasikia kimya kirefu kabla ya kelele za majibu.

"Ule ukimya ni wangu," anasema. "Nyimbo ni zake, michoro ni yake, sibishi. Lakini ule ukimya niliutengeneza mimi."

Kwa majuma mawili ndugu hao walilala chumba kimoja bila kusemeshana zaidi ya chumvi iko wapi. Aliyevunja ukimya ni mdogo. Jumapili moja mchana aliweka mezani begi lililojaa daftari za chuo, nyingine zikiwa bado na madoa ya matope ya mafunzo kwa vitendo.

"Dada, sheria inasema shahada yoyote," alisema. "Mimi najua hii moja tu. Nikufundishe."

"Udongo? Mimi udongo naujua wa kufagia."

"Basi umeshaanza."

"Na nikishindwa, utakuwa umenishinda mara ya pili."

"Nilijua ile miwani inakuuma," mdogo akasema, macho kwenye daftari. "Kila siku naivaa nikijua. Lakini bila hiyo Kobe hasemi. Ningefanyaje, dada?"

Dada alivuta kiti akakaa.

Kuna chuo kinachofundisha kwa njia ya posta na mtandao, na kinawapokea watu wazima walioishia kidato cha nne, mradi wafaulu mtihani wa kujiunga. Mtihani huo uko miezi minne ijayo. Akifaulu, na akiipata shahada baada ya miaka minne kama ilivyopangwa, atakuwa amekaribia hamsini na moja. Udongo uwahi ungali maji, husema wahenga, na wa kwake anakiri umeanza kukauka. Lakini kando ya fremu ya mdogo wake ameshapigilia msumari wa pili. Mwenye shule aliuona, akauliza ni wa nini, akajibiwa ni wa baadaye, akaenda zake.

"Nataka nirudi mle ndani kwa mlango wa mbele," anasema. "Sitaki kumtoa. Darasa la wakubwa halina mwalimu, nitachukua hilo. Ila fremu yangu nataka iwe kubwa kidogo kuliko yake. Hilo nalo andika."

Saa kumi na moja jioni, chumbani kwao, sufuria limefunikwa na daftari ziko wazi mezani. Mdogo anauliza kwa nini mchanga haushiki maji kama udongo wa mfinyanzi. Dada anajua. Amesoma habari hiyo asubuhi mapokezi, kati ya simu mbili, na jibu liko kwenye ncha ya ulimi. Anafungua mdomo.

Kisha anamtazama mdogo wake usoni. Ile miwani ya bei rahisi iko puani.

Mwalimu Miwani anafunga mdomo, anaweka mikono juu ya meza, na kungoja.