Daktari wa Mapafu Aliyerudi Sindo Kupima Upya

Saa moja asubuhi, Sindo, kando ya Ziwa Victoria. Dkt. Valary Akoth amechuchumaa mbele ya tanuri la kukaushia samaki, mashavu yamejaa hewa, machozi yanamtoka. Anapuliza. Moto unakataa.

"Daktari, unanizimia moto!" Millicent Adera anamwambia, na wanawake wenzake wanacheka. "Polepole. Phu, phu, phu."

Anajaribu tena. Kaa linageuka jekundu.

"Haya, umepuliza moto wangu," Millicent anasema. "Sasa nitapuliza mashine yako."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti yake.

Valary ni mtafiti wa mapafu na kinga ya mwili. Alizaliwa Suna, Migori, na maabara yake iko Homa Bay. Anatafuta jambo moja: kwa nini mgonjwa akipandikizwa pafu la mtu mwingine, mara nyingi mwili wake hulikataa.

"Ndani ya damu tuna askari," anaeleza. "Kazi yao ni kumfukuza mgeni. Pafu jipya nalo ni mgeni. Hawajui limekuja kusaidia."

Tena pafu hupokea kila kinachoingia na hewa, vumbi, moshi na vijidudu, kwa hivyo askari wake hawatulii. Ndiyo maana alikuja Sindo, kwa wanawake waliokaa kwenye moshi wa samaki miaka mingi. Anataka kujua kama moshi umewafanya askari wao kuwa wakali zaidi. Akilijua hilo, huenda siku moja likasaidia kuwatuliza askari wa mgonjwa mwenye pafu jipya.

Mwaka jana aliwapima wanawake sitini na mmoja. Kila mmoja alitoa damu, kisha akapuliza kwenye mashine inayoonyesha nguvu ya mapafu. Hamsini na wanane walionekana wagonjwa.

Millicent, mama wa watoto watano, akapewa karatasi inayosema mapafu yake yamebaki nusu. Alikuwa amekausha samaki miaka kumi na tisa. Basi akamwachia tanuri Roselyn, mke wa shemeji yake, akakaa nyumbani.

"Miezi minne nilisikiliza kifua changu tu," anasema. "Nikipanda kilima, nasema ndiyo hii, siku yangu imefika."

Kisha siku moja Valary akaja kuchukua damu nyingine, akamkuta Roselyn anawasha moto. Roselyn akapuliza: phu, phu, phu. Valary akasimama pale pale. Ndivyo wale wanawake walivyokuwa wamepuliza mashine, karibu wote.

Mashine inataka pumzi moja ndefu, ya nguvu zote, mpaka hewa iishe kifuani. Mwanamke wa tanuri hupuliza kidogo kidogo, jivu lisirukie samaki.

"Kosa ni langu," Valary anasema. "Sikuwaonyesha. Nilitazama namba, sikutazama midomo."

Angeweza kunyamaza. Aliwaita wote akawaambia. Millicent akasema, "Kwa hivyo nilikuwa naugua karatasi?"

Alikataa kupimwa tena wiki tatu nzima, wenzake nao wakamngoja, mpaka alipotoa yale masharti ya moto.

Sasa ameketi, mdomo umeshika mrija wa mashine. Anavuta hewa. Anaitoa yote.

"Usiache! Usiache!" wanawake wanapiga kelele.

"Kaza, yuora!" Roselyn anamtania shemeji yake kwa Kijaluo. "Hata kamongo ni samaki na ana mapafu!"

Millicent anamaliza akihema, jasho linamtoka. Valary anatazama namba, anaitazama tena, kisha anamgeuzia mashine aone mwenyewe.

"Si mapya, mama. Moshi umeyagusa. Lakini si nusu. Yanafanya kazi yake."

Millicent anainuka, anakwenda tanurini. "Yuora, nipishe."

"Nilikuwa nakulindia tu," Roselyn anasema, akisogea.

Bado wanawake sitini. Valary amepanga kuwamaliza kabla ya Desemba, na kila chupa ya damu lazima ifike Homa Bay ndani ya saa sita. Anatumaini siku moja mtu wa Sindo atapewa pafu, na mwili wake utalikubali.

Millicent anageuza samaki, akiwaza.

"Hao askari wako walilelewa wapi? Mgeni anafukuzwaje kabla ya kupewa kiti?"

Valary anafunga kisanduku cha barafu cha kubebea damu.

"Hicho kiti ndicho ninachotafuta, mama."