Kahawa Niliyoificha Kwenye Pindo la Kanga

Ijumaa ile chumbani kwetu Al Quoz, huku Uarabuni, tulikuwa watano. Mimi Kokushubila, binti yangu Anatolia aliyepanga chumba, Wairimu wa Nyeri, anayelipia kitanda kimoja humo, Prisca wa kikundi cha huruma cha parokia, na Furaha wa Kivu, ambaye Prisca alimleta akituomba kile kitanda cha juu kilicho wazi.

Wairimu, aniitaye shosho, yaani bibi, alinivuta kando. "Shosho, huyu Furaha, nimesikia, wakati wa vita kwao alionyesha waasi nyumba za majirani. Sasa alale juu yangu?"

Mwanangu unayenisikiliza, nami nilimshuku. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikakumbuka siku moja ya ujana wangu kwetu Kyaka, vita vya kwetu vya zamani vimekwisha, mapadre wamemrudisha Theonest mwana wa Anastazia, wamempa jembe na blanketi. Ndiye aliyewaonyesha askari wa adui tulikoficha ng'ombe. Kwetu watu hukaribishana kwa kahawa ya kutafuna. Anayekupa hutafuna kwanza, ujue haina sumu. Theonest akatafuna, akanipa kwa mikono miwili. Nikapokea, nikatafuna meno matupu, kahawa nikaifunga kwenye pindo la kanga. Aliona. Wiki haikwisha akaondoka, hakurudi tena. Mama yake alikufa akiangalia njia.

Shangazi yangu Paskazia aliikuta ile kahawa akifua. Hakunipiga. "Ungemkataa usoni, angekujibu," alisema. "Wewe umemnyima hata la kujibu."

Basi nikamwita Furaha, nikatoa kahawa niliyoletewa kutoka Bukoba, nikamuuliza mbele ya wote, "Ulionyesha nyumba ya nani?"

"Ya mujomba wangu, mama. Walikuwa wamemushika mutoto wangu."

"Na mjomba?"

"Walimuua."

Nilimtazama sana. Sikuamini yote, na hata leo siamini yote. Tukatafuna, mimi nimebaki na meno matatu, nilichelewa kumaliza.

"Utalala juu," nikamwambia. "Ufunguo wa kabati nabaki nao mimi."

"Khalas, yamekwisha," akasema Wairimu. "Lakini akikoroma namshusha."

Mwanangu, kushuku si dhambi. Huruma ya kanisa humfikisha mtu mlangoni tu. Wa kumwingiza ndani ni wewe. Ukimshuku, muulize machoni pake, usimchekee huku umefunga fundo. Mungu akupe ulimi wa kuuliza na subira ya kungoja jibu, na usikose wa kukupokea popote utakapobisha.

Majina nimeyataja nijuavyo. Nilipokosea mnisahihishe, hasa pale niliposema Theonest hakurudi.