Muhuri Uliosikika Adelphi

Mimi si mtu wa kuogopa. Nilifika Maryland na begi moja na diploma ya uendeshaji wa hoteli, nikaanza kwa kuegesha magari ya wageni katika hoteli moja ya Alexandria, mji wa jirani, nikaishia kuwasimamia waegeshaji wote. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Wenzangu walipokuwa bado wanabishana juu ya viwanja vya nyumbani, mimi na mke wangu tulihamia Thailand tukapumzike, tukakodi nyumba yenye mipapai nyuma. Sasa nimerudi Adelphi, kitongoji changu cha Maryland, kwa muda, na diploma yangu inaning'inia tena ukutani, kwa sababu meneja wa hoteli alinipigia simu mwenyewe kuniomba nimsaidie msimu mmoja. Ni wangapi huitwa hivyo?

Nayasema haya ili ieleweke kwamba asubuhi ninayotaka kuieleza haikumkuta mtu dhaifu.

Viza yetu ya Thailand ni ya kukaa muda mrefu, lakini kila baada ya miezi mitatu sharti utoke nje ya nchi na kuingia upya, ndipo upewe miezi mingine. Watu huabiria gari dogo mpaka mpakani, wanapanda basi la kuvuka daraja la mto Mekong, wanaingia Laos, wanakula bakuli la tambi, wanarudi. Viza yangu ni ya mstaafu. Ya mke wangu imeshikamana na yangu, viza ya mke anayemfuata mumewe. Tulikuwa tukivuka pamoja, mimi mbele, tai shingoni na viatu vimeng'arishwa, yeye nyuma yangu. Ofisa ananitazama, anagonga muhuri, anamgongea na yeye. Niliamini kuwa ile tai ilikuwa inafanya kazi.

Safari hii mke wangu, aliyebaki Thailand, alivuka peke yake.

Hapa kwetu Adelphi kuna desturi. Mtu wa kanisa letu akiwa na mahojiano ya uhamiaji au akivuka mpaka wowote, simu hufunguliwa na watu hubaki kwenye laini wakiomba kimyakimya mpaka atoke upande wa pili. Hakuna kukata. Jioni ya kule ni alfajiri ya huku, kwa hiyo tulikusanyika jikoni kwangu kabla ya zamu: mimi, jirani yangu nesi kutoka Nyamira, na mama mmoja wa Kivu anayetunza wazee, ambaye alikulia katika kambi ya wakimbizi na ameomba mbele ya milango mingi iliyofungwa. Wengine walikuwa kwenye laini huko makwao. Nje, mabasi ya barabara ya University Boulevard yalikuwa yameanza kujaa.

"Tia simu mkobani, usiizime," nilimwambia mke wangu. "Simama wima. Jibu kwa kifupi."

"Baba, mimi si mtoto wa shule."

"Nakwambia kwa sababu nazijua kazi hizi."

"Haya, mwalimu wa mipaka," akasema, na nesi akacheka. Nikazima kipaza sauti chetu.

Laos walikuwa wamekwisha kumgongea muhuri wa kutoka, na viza yao ilikuwa ya kuingia mara moja tu. Basi la daraja lilimshusha upande wa Thailand. Tulisikia magurudumu ya mabegi, kisha foleni, kisha sauti ya mwanamume ikiuliza kwa Kiingereza cha pole:

"Mume yuko wapi?"

"Yuko Amerika, kazini."

"Hii ni viza ya kumfuata mume. Mume hayupo. Wewe unamfuata nani?"

Tulisikia mke wangu akipekua pasipoti.  Nilikuwa nimemfundisha namna ya kusimama, namna ya kushika pasipoti, hata rangi ya blauzi, lakini swali hilo sikuwahi kuulizwa, maana kila mara nilikuwa nimesimama pale mwenyewe. Nikaanza kuona mambo moja baada ya jingine: nyuma yake Laos imemfunga, mbele yake kioo, nyumba yetu na dawa zake za presha ziko ng'ambo ya kioo hicho.  Nesi aliacha kunywa chai yake.

Mama wa Kivu hakustahimili. Akaipokonya simu yangu mezani, akagusa kitufe cha kipaza sauti, akaanza:

"Yesu! Fungula ule mulango! Ule mutu mwenye tampon, mwenye ile muhuri, umuguse roho! Umuguse sasa hivi!"

"Mama, umefungua sauti!" nesi alinong'ona.

Alikuwa amechelewa. Mke wangu alikuwa ameweka spika tangu kwenye gari, kwa ajili ya kelele za barabara. Maombi ya Kivu yalilipuka kutoka mkobani mwake mbele ya ofisa wa uhamiaji wa Thailand, na wengine kwenye laini, kwa kudhani muda umefika, wakaitikia amina kwa sauti kuu.

"Nini hicho?" ofisa akauliza.

"Ni watu wananiombea, bwana. Mume wangu yuko pamoja nao."

Mkwaruzo wa mkoba. Kisha sauti ile ile, sasa karibu sana: "Mume ni nani kati yenu?"

Nimewahudumia mabalozi. Nimewapokea watu ambao walinzi wao walikuja kukagua lifti kabla yao, na Kiingereza changu hakikunitoroka hata siku moja. Asubuhi ile ulimi uligoma. Mama wa Kivu alinisukuma begani. "Papa, sema!"

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye mume wake. Tafadhali, bwana."

"Utakuja lini?"

"Kabla muda wake haujaisha. Nitakuja naye hapo darajani mimi mwenyewe."

 Tulisikia karatasi zikifunuliwa, polepole, kisha kishindo kimoja kizito. Halafu mke wangu akasema "Samahani, nazima," na laini ikakatika.

Mama wa Kivu akainua mikono. "Ile ni tampon! Naijua ile sauti hata nikiwa ndani ya usingizi."

"Ni muhuri," nesi akasema, "lakini ni muhuri gani? Hata wakikukataa wanagonga."

 Mama wa Kivu aliteremsha mikono.

Nilipiga, simu haikupatikana. Nikapiga tena. Nesi akaenda hospitali, mama akaenda kwa mzee anayemtunza, nami nikapanda basi kuelekea treni ya Metro nikiwa nimeshika simu kama mtu aliyeshika yai. Humo ndani mtoto wa Kikongo alikuwa akisemeshwa na mama yake kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na kila alipocheka nilishtuka. Akilini nilimwona mke wangu katikati ya daraja, anakataliwa huku na huku, na mto chini yake.

Simu iliita karibu na ngazi za stesheni.

"Nimeingia," akasema. "Kulikuwa na bango la kukataza simu, akanionyesha nizime. Nimepewa muda wote."

Nilikaa kwenye ngazi. Watu walinipita pembeni.

"Ila amesema safari ijayo asimsikie mume kwenye mkoba. Anataka kumwona. Na, Baba..."

"Nini?"

"Ameuliza kama wewe ni mgonjwa. Amesema sauti yako ilitetemeka sana."

Nimekwisha kumwambia meneja kwamba sitamaliza msimu huu, na hakufurahi. Tai nimeipiga pasi. Nitasimama mbele ya kile kioo kama zamani, ila sasa ninajua swali linaloweza kutoka humo, na sijui kama lipo jingine. Nesi amependekeza siku hiyo kila mtu azime kipaza sauti chake.

"Nikizima," mama wa Kivu akamuuliza, "Mungu atanisikia wapi?"

Nimemwambia aache wazi.