Asubuhi Tuliyongoja Jembe la Kwanza

Mwanangu, asubuhi ya kumzika Mzee Mwangi sijaisahau. Vijana walisimama na majembe hapa nyumbani Kapseret, lakini hakuna aliyechimba. Kaburi halianzwi mpaka mtu wa ukoo wa marehemu aonyeshe mahali na apige jembe la kwanza. Ndugu yake, ambaye ndiye pekee aliyebaki kwao, alikuwa amekataa.

"Huyu ni wetu," alisema. "Atazikwa kwetu, Burnt Forest."

Mzee Mwangi hakunizaa. Alimwoa mama tukiwa watoto wanne, na mama alipofariki ukoo wa Mzee ulimwambia arudi kwao. Akabaki. Mimi niliacha shule niwaangalie wadogo. Yeye alikamua ng'ombe, na Jumapili akamsuka mdogo wetu Chebet nywele, vibaya sana, tukacheka naye akacheka. Alituambia anataka kulala hapa.

Kiprop, mdogo wangu, akaanza kubeba mawe afunge barabara, ndugu yake Mzee asiondoke. Jirani yetu, Mama Rebeka, akamzuia.

"Weka chini. Mawe barabarani tuliyaona wakati wa vita vya uchaguzi, yalituharibia watu. Unataka kumzika baba yako ama kumpigania?"

Nikampelekea yule ndugu ya marehemu chai.

"Baba mdogo, karibu chai."

"Mimi si baba yako mdogo."

"Yeye ndiye alituambia tukuite hivyo. Nikubadilishie jina leo kwa nini?"

Simu yake ikalia: dereva alikuwa ametoka mochari, anauliza ashike njia gani. Mzee akamwambia angoje. Kisha akanitazama.

"Kesho mtauza hili shamba. Mwenye kulinunua atapanda viazi juu ya ndugu yangu."

Sikuapa. Nilimwambia, "Basi chagua wewe, mahali ambapo roho yako itatulia."

Alizunguka boma lote, sisi nyuma yake. Akasimama hatua chache kutoka mlango wangu, akaomba jembe, akapiga.

"Hapa. Mwenye kutaka kulima aanze na nyumba yenu."

Kisha akampigia dereva alete mwili Kapseret.

Mwanangu, aliyekulea ana watu wake, na wao pia wamefiwa. Ukidai haki yako, simama imara, lakini usiwanyime heshima. Sikiliza wanaogopa nini, kwa maana hasira mara nyingi ni woga. Mungu akupe mtu wa kukulea kama Mzee alivyotulea, na akujalie moyo wa kumwita baba angali anasikia.