Sukari Ndani ya Lindo la Baba

Wakisimulia Mpanda ilivyokua, huanza na reli. Reli ikaja, mgodi wa madini ya risasi ukachangamka, maduka yakafunguliwa, watu wakastaarabika. Wapi! Mimi nilikuwepo. Mji ule ulisimama juu ya visiki vya miti ya baba yangu, na aliyeionyesha miti hiyo ni mimi.

Baba alikuwa mrina asali. Mizinga yake aliitundika kwenye miti mikubwa ya mininga, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwetu, na njia ya huko haikutajwa mbele ya mtu asiye wa ukoo. Hata mama hakuijua. Niliijua mimi, mtoto wake wa pekee, kwa sababu wakati wa kurina nilimbebea lindo, chombo chake cha gome la mti cha kuwekea asali.

Mgodi ulitaka magogo ya kuegemeza mashimo. Siku moja nikiteka maji mtoni, akanijia mkata miti mmoja na sukari kwenye karatasi.

"We binti, mininga minene iko wapi huku?"

Nilikuwa nimekua kwa asali, nikaitamani sukari! Hadi leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi. Nilitangulia mbele, yeye nyuma, nikailamba sukari njia nzima.

Yeye na wenzake waliangusha miti pamoja na mizinga. Baba aliwakuta kazini, akawaomba wangoje walau mwezi mmoja, asali irinwe, nyuki wahamishwe. Msimamizi wao alimcheka. Baba alirudi uso umevimba kwa kuumwa na nyuki, akanikuta nachambua mboga uani.

"Nani kawaonyesha njia?"

Nikaendelea kuchambua mboga. Hakuuliza tena. Mwezi uliofuata alikwenda kuomba kazi kulekule mgodini, akawa anasukuma matoroli ya mawe, yeye aliyekuwa hajawahi kutumwa na mtu. Alirudi na kikohozi kisichoisha. Mji ukazidi kukua, nami nikalichukia kila bati jipya lililoezekwa.

Nilipofikia kuolewa, wakwe walikuja nyumbani kuniposa. Kwetu, mgeni wa namna hiyo hupewa asali kwanza, maneno baadaye. Lindo lilikuwa limetundikwa ukutani miaka kadhaa, limekauka, limeanza kupasuka. Nilidhani baba ataomba radhi tu. Badala yake alinituma dukani nikanunue sukari. Nilipoileta, aliliangua lindo, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akaimimina sukari yote ndani na kuliweka mbele ya wageni.

"Karibuni," akasema. "Hii ndiyo asali ya binti yangu. Kairina mwenyewe."

Wageni walicheka, wakidhani ni utani wa mzee. Mimi nilikuwa mlangoni na vijiko mkononi. Miaka yote ile alikuwa anajua.